Mnunuzi wa nyumba mwenye pesa kidogo achague mtaa kwanza

Kila wikendi, katika barabara kuu zinazotoka jijini Nairobi, magari ya kampuni za kuuza nyumba na ploti huonekana yakiwa yamejaa watu wanaopelekwa kujionea makazi mapya katika kaunti za Kiambu, Machakos na Kajiado. Wengi wao ni watu wa mapato ya kadiri: walimu, wauguzi, polisi, makarani na wenye maduka ambao wamechoka kulipa kodi kila mwisho wa mwezi. Huonyeshwa sebule pana, vigae vinavyong'aa na jikoni yenye makabati, kisha hutajiwa bei ambayo katika mitaa ya South B au Lang'ata ni ndoto. Si ajabu kupata baadhi yao wakirejea jioni wakiwa wameshatoa arubuni.

Hatuna nia ya kumvunja moyo yeyote anayetaka kumiliki nyumba. Tunachopinga ni mpangilio wa mambo. Mnunuzi hutazama nyumba kwanza, kisha bei, na mtaa huuwazia akishahamia. Ilivyo ni kwamba nyumba yenyewe ndiyo sehemu iliyo rahisi zaidi kurekebisha. Rangi itapakwa upya, paa litabadilishwa, chumba kitaongezwa pesa zikipatikana. Lakini hakuna fundi atakayekusogezea barabara, akubadilishie udongo chini ya msingi au akutolee chumvi kwenye maji ya kisima cha mtaa mzima. Mwenye pesa nyingi akikosea mtaa huuza na kuhama. Mwenye pesa kidogo akikosea hubaki papo hapo akilipa mkopo kwa miaka 15.

Tuanze na nauli, maana ndiyo gharama inayopuuzwa zaidi. Chukua mfano wa mume na mke wanaofanya kazi katikati ya jiji na ambao wana nyumba mbili za kuchagua. Ya kwanza ina vyumba vitatu vya kulala, iko mbali, na bei yake tuseme ni Sh4.5 milioni. Ya pili ina vyumba viwili, iko karibu na lami, na inauzwa Sh5.5 milioni. Wengi wataikimbilia ya kwanza bila kufikiri mara mbili, kwani wanapata chumba cha ziada na kuokoa milioni nzima.

Sasa tuseme kutoka nyumba ya kwanza kila mmoja hulipa Sh150 za matatu na Sh50 za bodaboda kwa safari moja, yaani Sh400 kwa siku, na kutoka nyumba ya pili hulipa Sh80 kwenda na Sh80 kurudi. Tofauti ni Sh240 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, watu wawili, hiyo ni Sh10,560 kwa mwezi au Sh126,720 kwa mwaka. Ongeza maji. Ikiwa nyumba ya kwanza hununua maji ya lori kwa Sh6,000 kila mwezi ilhali ya pili ina mfereji unaogharimu Sh1,500, tofauti ni Sh54,000 kwa mwaka. Jumla ni Sh180,720. Katika muda usiofika miaka sita, ile milioni iliyookolewa itakuwa imekwisha yote, na watoto wa nyumba hiyo watakuwa bado hawajaingia shule ya upili.

Kuna atakayesema kwamba milioni ya ziada ikikopwa ina riba yake. Ni kweli. Riba ya asilimia 10 kwa Sh1 milioni ni Sh100,000 katika mwaka wa kwanza, na hupungua kadiri deni linavyolipwa. Bado ni nafuu kuliko Sh180,720 ambazo hazipungui, na ambazo hupanda kila bei ya mafuta inapopanda. Hapa hatujahesabu saa. Anayetumia saa moja unusu kwenda na nyingine kama hiyo kurudi hupoteza saa 66 kila mwezi akiwa ameketi kwenye gari. Mwenye kibanda cha biashara anajua saa 66 zina thamani gani.

Takwimu hizi ni za mfano tu. Kila msomaji aweke zake, kulingana na anakofanya kazi. Anayeajiriwa katika viwanda vya Athi River hana sababu ya kununua Ruiru kwa kuwa tu wenzake wamenunua huko, na anayefanya kazi Thika asidanganyike kwamba Kitengela ni karibu kwa sababu ramani ya muuzaji imechorwa kwa mstari mmoja mnyoofu. Safari yenyewe ipimwe Jumatatu asubuhi saa kumi na mbili, au Ijumaa jioni mvua ikinyesha. Safari ya Jumamosi saa nne, ndani ya gari la muuzaji, haimwambii mtu lolote.

Kuhusu barabara, ushauri wetu ni mmoja: lipia ile iliyopo. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa Novemba 2012 baada ya kupanuliwa, Ruiru na Juja ziligeuka kutoka miji midogo iliyozungukwa na mashamba ya kahawa na kuwa makazi ya maelfu ya watu wanaofanya kazi Nairobi. Waliokuwa wamenunua kabla yake walineemeka. Tangu hapo kila dalali ana hadithi ya barabara inayokuja, mchepuko unaokuja, reli inayokuja. Baadhi huja. Nyingine hukaa katika vitabu vya bajeti hadi mnunuzi anastaafu. Bei ikiwa tayari imepandishwa kwa sababu ya lami ambayo bado ni maneno, mnunuzi anakopesha pesa zake kwa ahadi ya mtu mwingine.

Tukija kwenye maji, swali la kuuliza si kama yapo. Muuzaji atajibu kwamba yapo, na huenda hasemi uongo. Uliza yanatoka wapi, siku ngapi kwa juma, na yana ladha gani. Sehemu kubwa ya nyanda za Athi River na Kitengela hutegemea visima virefu, na maji ya vingi vya visima hivyo yana chumvi na madini ya floridi ambayo yakizidi huyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia. Chumvi hiyo hula mabomba na birika, na hukausha mboga za bustani. Upande wa Kiambu hali ni afadhali kidogo, hasa baada ya bwawa la Karimenu II huko Gatundu Kaskazini kuzinduliwa mwaka wa 2022 ili kuhudumia Ruiru, Juja na sehemu za Nairobi. Hata hivyo, bomba kubwa kupita barabarani si sawa na mfereji kutiririka jikoni. Mwombe jirani glasi ya maji unywe. Hiyo itakueleza mengi kuliko karatasi ya matangazo yenye picha ya bwawa la kuogelea.

Na majitaka je? Katika mitaa mingi ya viungani hakuna bomba la umma la majitaka, hivyo kila boma lina tangi lake chini ya ardhi. Pale ambapo ploti ni za futi 50 kwa 100 na kila jirani ana tangi na kisima, mnunuzi anafaa kuuliza vimeachana umbali gani.

Udongo ni jambo ambalo wakulima wanalielewa upesi kuliko watu wa afisini. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi, umetanda Kitengela, Athi River, Syokimau, Ruai na sehemu kadhaa za Juja. Huvimba ukilowa na kujikunja ukikauka, na msingi ulio juu yake huinuka na kushuka pamoja nao. Mjenzi mwaminifu huuchimba wote na kuutoa, akajaza mawe na kifusi kigumu, na gharama hiyo si ndogo. Mjenzi wa kuuza haraka huuacha pale pale na kupaka rangi juu. Kwa hivyo ukitazama nyumba katika maeneo hayo, acha kwanza vigae. Angalia pembe za madirisha na milango kama kuna nyufa za mshazari, angalia ukuta wa ua kama umelala, kisha umwite fundi asiyejuana na muuzaji. Pesa utakazomlipa kwa nusu siku hazitakuwa za bure. Udongo mwekundu wa Kikuyu, Ruaka na sehemu za Ruiru hauna vitimbi hivyo, na ndiyo mojawapo ya sababu ardhi ya huko ni ghali.

Kisha kuna mito. Mvua za masika ya mwaka wa 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini. Athi River na Kitengela zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofurika, na serikali iliamuru watu waliokuwa karibu na kingo za mito wahame. Baadhi ya waliopatwa na janga hilo hawakuwa wakazi wa mabanda. Walikuwa na nyumba za mawe, walizonunua kiangazi, mto ukiwa kijito cha kurukwa. Nyumba iliyo bondeni huwa na bei ya kuvutia, na bei hiyo ina sababu. Waulize wazee wa eneo hilo maji ya Aprili hufika wapi, au umuulize mchungaji wa ng'ombe kama bado yupo. Atakuonyesha kwa fimbo.

Sasa stakabadhi. Hapa ndipo machozi mengi humwagika. Novemba 2011 matingatinga yalibomoa nyumba za fahari mtaani Syokimau, serikali ikisema kwamba ardhi ile ni ya uwanja wa ndege, huku wenye nyumba wakisimama kando na karatasi mkononi. Miaka 12 baadaye, Oktoba 2023, yaliyotokea Syokimau yalitokea tena eneo la Mavoko, kwenye ardhi ambayo mahakama iliamua kuwa ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wengi wa waliobomolewa walisema walinunua kwa nia njema na wakajenga mchana kweupe bila kuzuiwa na yeyote. Nia njema haikuzuia tingatinga.

Funzo la mikasa hiyo miwili, kwa maoni yetu, ni kwamba kukagua hatimiliki moja hakutoshi. Ni lazima kuukagua mtaa mzima. Ardhi hii ilikatwa kutoka shamba gani? La nani? Kuna kesi? Majirani wana hatimiliki au wana vyeti vya hisa vya kampuni ya kununua ardhi? Cheti cha hisa si hatimiliki, hata kikiwa na muhuri mwekundu na sahihi tatu. Mtaa mzima ukiwa unaishi kwa vyeti, na bei ikiwa ni nusu ya mtaa wa ng'ambo ya barabara, mnunuzi ajue anachouziwa ni nusu ya haki. Upekuzi wa rekodi za ardhi sasa waweza kufanywa kwa njia ya mtandao wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, na kwingineko afisi za usajili za kaunti bado zipo. Mpimaji ardhi naye aende na ramani, ahakikishe mawe ya mipaka yako mahali pake na kwamba nambari iliyo kwenye hatimiliki ndiyo ya ploti unayoonyeshwa. Visa vya mtu kuonyeshwa ploti hii na kuuziwa ile ya mtoni si vigeni.

Ikiwa ardhi bado imeandikishwa kuwa ya kilimo, kama ilivyo sehemu nyingi za Kajiado, Machakos na Kiambu, sheria inadai idhini ya bodi ya kusimamia ardhi, na ombi hupaswa kupelekwa katika muda wa miezi sita tangu mkataba kutiwa sahihi. Bila idhini hiyo mauziano ni bure. Vilevile, mwenye kuuza akiwa ni mtu wa ndoa na hiyo ndiyo nyumba ya familia, mkewe au mumewe ni sharti akubali. Haya ni mambo ya wakili, na wakili huyo awe wako. Wakili wa bure anayetolewa na muuzaji anamfanyia kazi muuzaji. Usisahau pia kutenga ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya miji na asilimia 2 mashambani. Kwa nyumba ya Sh4.5 milioni iliyo mjini hiyo ni Sh180,000 ambazo wengi hawakuzihesabu walipokuwa wakijumlisha akiba yao na mkopo wa Sacco.

Msomaji atatuuliza: basi anunue wapi? Hatuwezi kumchagulia, lakini hatutakwepa kusema tunavyoona. Ukanda wa barabara ya Thika una lami, una treni ya Ruiru, na maji yake yanaimarika, ila bei imepanda na mitaa mingine imejaa maghorofa ya kukodisha hadi jua halionekani. Kikuyu na Ngong zina hewa safi na udongo mzuri, na ni za mwenye pesa zaidi kidogo. Ongata Rongai ni mji mchangamfu wenye kila kitu, lakini wakazi wake wanajua jinsi foleni ya barabara ya Magadi inavyowatesa. Mlolongo na Athi River zinamfaa sana mfanyakazi wa viwanda, almuradi avumilie vumbi la saruji na malori. Barabara ya Kangundo, kuanzia Ruai kupitia Kamulu hadi Joska, ndiko bado mtu wa kipato kidogo anaweza kupata nafasi ya kupumua na hata kufuga kuku. Ila Ruai aende pia usiku, upepo ukigeuka, kwani mabwawa makubwa ya kusafishia majitaka ya jiji yako huko.

Na kwa kuwa tumetaja kuku, wasomaji wetu wengi hupanga kuongezea mapato kwa kufuga na kulima sukuma wiki nyuma ya nyumba. Ni jambo jema. Wasome kwanza kanuni za mtaa. Mitaa mingi yenye lango moja hupiga marufuku kuku, mbuzi na hata kamba ya kuanikia nguo inayoonekana barabarani, kisha hutoza ada ya kila mwezi ya walinzi, taka na taa. Ada ya Sh5,000 kwa mwezi ni Sh60,000 kwa mwaka, na hulipwa hata baada ya mkopo kuisha.

Njia ya kuujua mtaa ambayo tunaipendekeza kuliko zote ni kukodisha humo kabla ya kununua. Tafuta chumba kimoja au viwili katika mtaa huo huo, kaa miezi mitatu au minne, na miezi hiyo iwe ya mvua ndefu. Utajua stima hupotea mara ngapi, matatu hupandisha nauli saa ngapi, duka la dawa liko umbali gani mtoto anapougua saa tano usiku, na kama shule ya umma iliyo karibu ina madawati au ina jina tu. Utajua kama watu hutembea saa mbili usiku au hujifungia saa kumi na mbili. Kuna wanaoona kodi hiyo kuwa hasara. Kodi ya miezi minne ukilinganisha na deni la miaka 15 ni kama bei ya tikiti.

Kwa upande wa mikopo, Sacco nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, na tangu kampuni ya KMRC kuundwa mwaka wa 2018 benki na Sacco kadhaa zimekuwa zikipata fedha za kutoa rehani za muda mrefu kwa watu wa mapato ya kadiri. Benki inapotoa rehani humtuma mthamini wake kukagua nyumba na stakabadhi. Mthamini akikataa, mnunuzi asikimbilie kutafuta mkopo mwingine usio na maswali. Amepata ushauri ambao wengine huulipia.

Lakini haifai mzigo wote wa uchunguzi abebeshwe mwalimu mwenye siku moja ya mapumziko kwa juma. Serikali za kaunti ndizo huidhinisha ramani za majengo, ndizo hutoza kodi za ardhi, na ndizo zinazojua ni wapi mto hufika na ni wapi pana kesi. Habari hizo hukaa kwenye makabati ya makao makuu huko Kiambu, Machakos na Kajiado hadi siku ya tingatinga. Tunazitaka kaunti hizo tatu zibandike katika kila afisi ya wadi ramani inayoonyesha kingo za mito, akiba za barabara, ardhi za umma na mashamba yenye mizozo mahakamani, na zifanye hivyo kabla ya mvua zijazo. Karani wa wadi aamriwe kumwonyesha ramani hiyo yeyote anayeingia kuuliza, bila kitu kidogo. Nayo mashirika ya Sacco, ambayo baadhi yao huwauzia wanachama wao ploti, yawaonyeshe wanachama matokeo ya upekuzi wa ardhi yote, pamoja na jina la shamba mama, kabla ya shilingi ya kwanza kukatwa kwenye mshahara.